Kesi ya baba haionekani mtandaoni: majibu kwa wasomaji

Marehemu baba alifungua kesi ya kiwanja hapa Mombasa mwaka 1998. Nimeandika jina lake mtandaoni, sioni kitu. Nianzie wapi? (Likoni)

Pole kwa msiba. Tovuti ya Kenya Law huweka hukumu na maamuzi, bure kabisa. Hati ya madai, viapo na vielelezo humo hamna. Hivyo vimo ndani ya faili, na faili iko masijala, yaani ofisi ya mahakama inayotunza faili. Ila hukumu ikipatikana, juu yake pana namba ya kesi, na bila namba karani hana pa kuanzia.

Majina yetu ya Pwani nayo yanatuponza. Kama baba ni Athman, jaribu Athuman, kisha Othman. Mohamed ndiyo usiseme! Mimi huandika jina la ukoo pamoja na namba ya kiwanja, ile yenye herufi MS kwa upande wenu wa Likoni, au MN kwa wa Kisauni.

Halafu angalia mwaka. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitokana na sheria ya 2011, kwa hiyo ya baba huenda ilianzia Mahakama Kuu kisha ikahamishwa na kupewa namba mpya. Tafuta kote kuwili. Kama ilikuwa kwa hakimu, usitarajie mengi, maana za mahakimu ni chache mno kwenye Kenya Law.

Ukikosa, nenda masijala na cheti cha kifo na barua zozote za wakili wake wa zamani. Omba kukagua faili, ulipe ada. Akitokea mtu wa kudai "chai" ndipo faili ionekane, mwambie akuandikie risiti.

Kijana wa saiba amenifungulia akaunti ya mfumo wa mahakama wa kufungulia kesi mtandaoni, lakini kesi ya jirani yangu siioni. (Kisauni)

Wala hutaiona. Mfumo huo, ulioenea nchi nzima mwaka 2024, unakuonyesha kesi zako wewe. Ya jirani nenda ukaisikilize kortini. Orodha ya kesi za siku huwekwa mtandaoni. Na nywila umeshaibadilisha, au bado anayo huyo kijana?

Ndugu zangu wa kambo wanataka kufungua mirathi kimyakimya. Nitajuaje? (Changamwe)

Kwa Mahakama Kuu au hakimu, kimyakimya ni vigumu. Tangazo hutoka kwenye gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Gazeti hilo hutoka Ijumaa, nalo liko Kenya Law. Tafuta jina la marehemu, si la ndugu zako. Kama nyinyi ni Waislamu, pitia na masijala ya Kadhi.

Mjomba ni baharia, ana kesi ya mshahara katika mahakama ya shirikisho Marekani. Naweza kuisoma? (Mtongwe)

Waweza, tena hati zenyewe. Mfumo wao unaitwa PACER: senti 10 za dola kwa ukurasa, hati nyingi hazizidi dola 3, na usipovuka dola 30 kwa robo mwaka husamehewa. Kabla ya kulipa, chungulia tovuti ya CourtListener, huenda mtu ameshaiweka bure. Kwa hiyo kesi ya ng'ambo utaisoma ukiwa kwenye kochi Mtongwe, na ya kwenu uvuke feri ukapange foleni. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Mwombe mjomba jina la mahakama na namba. Kesi zao zipo nyingi, na jina peke yake halitakufikisha.