Usiingilie watani wa watu kabla hujawaelewa

Jamani nyie mnaosafiri sana na mabasi ya mikoani, leo niwaombe kitu kimoja, kabla hujamtetea mtu ndani ya gari sikiliza kwanza nani anaongea na nani.

Mwaka juzi natoka Dar naenda Songea, tumefika Ilula akapanda mama mmoja na ndoo ya nyanya, hajakaa hata vizuri mzee wa kiti cha pili akapaza sauti, "Konda, huyu mtumwa wangu nani kamruhusu akae mbele?" Mama naye hakulaza damu, "Nyamaza we Mngoni, Mkwawa alimkimbiza babu yako mpaka akasahau viatu!" Mimi nimezaliwa Tanga nimekulia Tanga, damu ikanichemka, nikasimama kabisa, mzee unamtukanaje mama wa watu hivyo? Gari zima kimya. Mama ndo akanigeukia taratibu, "Mwanangu, usinigombanishe na mtani wangu."

Niliona aibu sana. Jirani yangu ndo akanielewesha kwamba Wahehe na Wangoni walipigana kwelikweli, vita ya mikuki, 1878 mpaka 1882, halafu baadaye ndo wakawa watani, yaani wajukuu wa watu waliouana leo hii wanaitana watumwa na kuchukuliana vitu bila kuomba. Na kweli, tunakaribia Iringa mzee akanyoosha mkono kwenye ile ndoo, akatoa nyanya akaifuta na shati akaanza kula, mama anamtazama tu anacheka. Tulipofika mzee mwenyewe ndo akamshushia ndoo, akaibeba mpaka kwenye bodaboda.

Sasa angalizo, maana kuna watu wakishaona hivi nao wanaanza kumtania kila mtu. Utani una wenyewe. Mchaga na Mpare wanamalizana wenyewe, Msukuma na Mzaramo vilevile, lakini wewe ambaye si mtani ukirusha neno lilelile hilo ni tusi, na mtu akikukasirikia ana haki yake. Na hata kama ni mtani wako, ukiona mwenzio hacheki, acha hapohapo.

Nchi ina makabila zaidi ya 120, huwezi kujua mambo ya wote, ila salamu mbili tatu hazikushindi. Usimuanze mtu na "wewe kabila gani", wengine linawakera hilo swali, muulize kwenu mnasalimianaje, utaona uso unavyofunguka. Mimi siku hizi nikipita njia ile naanza na kamwene, salamu ya Wahehe. Mwezi uliopita Ruaha Mbuyuni nimemsalimia hivyo mama muuza vitunguu dirishani, akashtuka, we wa wapi? Nikamwambia Tanga. "Haya, na huko Tanga mnasalimianaje?" Gari likaondoka bado namfundisha.