Kupanda maua hadi ukutani: pa kuanzia kitalu na pa kuacha wazi

Waalaikum salaam ndugu wa Fuoni. Umeuliza mambo mawili: kama unaweza kuizungushia nyumba yako ya matofali kitalu cha maua kinachogusa ukuta, na kwa nini rangi inabanduka chini upande wa jikoni, ambako kitalu kipo tayari. Jawabu ni moja. Maua yapande, lakini udongo wa kumwagiliwa usiguse ukuta.

Anza na kimo. Udongo wa nje uwe chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya nyumba, kwa sentimita 15 au zaidi, mwaka mzima. Wengi huanza vizuri, kisha kila msimu huongeza samadi na udongo wa kinongo, kitalu kinapanda kidogo kidogo mpaka kinaipita karatasi ya nailoni ambayo fundi aliilaza juu ya msingi kuzuia unyevu. Hapo karatasi haina kazi tena. Tofali linanyonya maji yenye chumvi, maji yanakauka kwenye lipu, chumvi inabaki ndani ya vitundu vyake, inaganda na kuisukuma lipu nje. Rangi inavimba, ukiiparua kwa kucha unakuta unga mweupe. Ukimwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, ndio unazidi kuulisha ukuta chumvi kila jioni.

Kwa hiyo acha ukanda mtupu wa sentimita 40 kutoka ukutani. Chimba sentimita 10, uiteremshe ardhi kuelekea nje sentimita 5 kwa kila mita, uishindilie vizuri, ndipo umwage kokoto. Usichimbe handaki refu ukalijaza kokoto bila ya kulipa pa kutolea maji. Hilo litakuwa birika la kuuloweka msingi. Na kama bati lako halina mlizamu, tazama mvua inapodondokea: tone la paa huchimba ardhi na kurusha tope ukutani. Mstari huo lazima uangukie kwenye kokoto. Upenu ukitokeza sentimita 60, ukanda ufike 80. Ukingo wa kitalu upande wa nje uwe na tundu kila mita moja, la sivyo wenyewe utayarudisha maji nyumbani.

Ukuta wa kusini ndio wa kuangaliwa zaidi, na watu wengi hawaufikirii. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, basi kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini. Miezi hiyohiyo ndiyo ya masika na ya upepo wa kusi, unaopiga mvua kwenye ukuta huohuo. Unaloa bila ya kupata jua la kuukausha. Upande huo usiweke vichaka vizito hata kidogo. Mimea mifupi, iliyo mbali mbali, upepo upite. Vichaka viweke kaskazini na mashariki.

Mchwa nao. Hapa kwetu tunapenda kufunika kitalu kwa makumbi ya nazi au makuti yaliyochakaa, na ni kizuizi kizuri cha ukavu, lakini kiishie nje ya kokoto. Ukanda ule mtupu una faida hii pia: unaiona njia ya udongo, nyembamba kama penseli, inayopanda kutoka ardhini kwenda kwenye fremu ya mlango. Ivunje kipande. Ikijengwa upya baada ya siku chache, mchwa wamo, tafuta dawa. Fito au boriti za kutambazia asumini zisiegemezwe ukutani wala kuchomekwa kwenye udongo. Tumia bomba la chuma, lisimame mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita nyuma yake.

Kipimo cha kupanda kichaka: chukua upana wake ukikomaa, gawa kwa mbili, ongeza sentimita 30. Asumini wa upana wa mita moja na nusu hupandwa basi kama mita moja kutoka ukutani, na harufu itaingia dirishani vilevile. Mrehani na mshubiri hukaa mwanzo wa kitalu. Mpapai mita 2. Mlangilangi ni mti mkubwa, mita 5 na zaidi. Mwembe, mfenesi na mvinje nisingeiweka chini ya mita 8. Mtini ukiota kwenye ufa wa ukuta kwa mbegu iliyoletwa na ndege, ung'oe ungali mchanga pamoja na mzizi, maana ukikatwa tu huchipua tena ndani ya ukuta.

Majani yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, hasa kwenye iksora, usikimbilie mbolea. Karibu na nyumba mafundi huacha vifusi vya saruji na chokaa, na mmea unashindwa kufyonza chuma. Toa udongo huo kina cha sentimita 40, jaza kinongo mafungu matatu kwa fungu moja la samadi iliyooza.

Wenye nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe: ukuta wenu hupumua. Lipu ya saruji hukifungia kile kinyevu, kikapanda juu zaidi. Chokaa kwa chokaa.

Ukuta wako wa jikoni sasa. Ondoa udongo wote hadi chini ya jamvi, bandua lipu iliyolegea, ule unga mweupe upanguse kwa brashi kavu, kwani ukiuosha kwa maji chumvi inarudi ndani. Kisha uache ukuta ukauke. Kukadiria, hesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, yaani tofali la inchi 6 lichukue miezi 6. Ukianza Juni masika yakiisha, vuli itauchelewesha kidogo. Lipu na rangi viwe Januari au Februari, kaskazi ikivuma.