Miaka saba ya ukaazi inahesabiwaje?

SWALI: Mimi ni Mzambia, mwalimu wa hisabati katika shule binafsi jijini Mbeya. Niliingia Tanzania Januari 2015 kwa kibali cha ukaazi daraja B, kile cha wageni walioajiriwa. Mwaka 2019 nilikwenda kwetu Kasama, Zambia, kumuuguza baba, nikakaa miezi 10. Mwaka 2021 kibali kiliisha, mwajiri akachelewa kupeleka maombi, nikawa bila kibali miezi minne. Mwaka huu, 2025, baba alifariki. Nilikuwa nyumbani kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Machi. Nataka kuomba uraia wa tajinisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuomba, Julai hii. Wenzangu wanasema ile miezi 10 imeniharibia. Ni kweli?

JIBU: Pole sana kwa msiba, Mwalimu. Wenzako wanakutisha bure kuhusu 2019. Kinachokukwamisha ni safari ya mwaka huu.

Jedwali la Pili la Sheria ya Uraia ya 1995 lina vipimo viwili vya ukaazi, na wengi huvichanganya. Kwanza, uwe umeishi nchini kipindi chote cha miezi 12 inayotangulia maombi. Pili, katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12, vipindi ulivyoishi hapa vikijumlishwa vifike angalau miaka 7. Hicho cha pili hakidai mfululizo. Cha kwanza kinadai, na ukiomba Julai utakuwa na pengo la miezi miwili palepale.

Kwa hiyo subiri hadi mwishoni mwa Machi 2026. Hapo miaka 10 itahesabiwa kuanzia Machi 2015 hadi Machi 2025, yaani miezi 120. Toa 10 ya kumuuguza mzee, toa miwili ya msiba, toa na ile minne ya 2021, maana siku za kukaa bila kibali mimi nisingezitegemea. Inabaki 104, inayotakiwa ni 84.

Lakini usiifiche hiyo minne. Sheria inataka pia tabia njema, na kukaa bila kibali ni kosa la uhamiaji. Inaniuma kwamba mwajiri akizembea karatasi, anayeonekana mkosaji ni mfanyakazi. Tafuta barua na risiti za wakati ule uziambatanishe. Waziri halazimiki kukueleza sababu akikukatalia, kwa hiyo yaseme mwenyewe mapema. Pasipoti za zamani usizitupe. Mihuri ya mpakani ndiyo ushahidi wako wa tarehe.

Jambo jingine ni zito, lizungumze na familia. Katiba ya Zambia tangu 2016 inaruhusu uraia pacha, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Itabidi uukane wa kwenu.

Hukuandika kibali chako cha sasa kinaisha lini. Kama ni kabla ya Machi 2026, mfuate mwajiri wiki hii, na safari hii ombi lake la kukihuisha uombe nakala.