Sindano za kabla ya nusu kaputi ni za nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu alifanyiwa oparesheni ya ngiri mwezi uliopita, anasema kabla ya nusu kaputi walimchoma sindano mdomo ukamkauka kabisa na moyo ukaanza kwenda mbio, wakamchoma nyingine, hapo ndo hakumbuki kitu mpaka alipoamkia wodini. Sasa mama yetu ana miaka 58, ana presha, wiki ijayo anatolewa mawe kwenye kifuko cha nyongo na keshasema haendi. Hizo sindano ni za nini? Na vidonge vyake vya presha ameze asubuhi ile au aache? Dada mkubwa, Morogoro

JIBU: Marahaba dada, mpe mama pole sana. Kwa dalili hizo sindano ya kwanza inaelekea ni atropini, inakausha mate na inazuia mapigo ya moyo yasishuke sana. Enzi za kuvutishwa etha, dawa ya usingizi ya zamani, mate yalikuwa yanajaa mpaka yanaingia njia ya hewa, ndo maana karibu kila mtu alichomwa. Siku hizi wengi hawachomwi, ila ketamini, nayo ni dawa ya usingizi, bado inaleta mate na huku kwetu inatumika sana.

Ya pili inawezekana ni midazolamu, au ndo usingizi wenyewe. Midazolamu inatuliza, halafu inafuta kumbukumbu kuanzia pale ilipoingia. Kuna mzee tulimsukuma kwenye machela kwenda thieta ananihadithia shamba lake la mpunga, maji yalivyokatika, mpaka mlangoni, jioni namsalimia wodini ananiuliza wewe nani. Hakuwa amelala hata kidogo! Kwahiyo mama akikutana na daktari wa usingizi amwambie wazi kwamba anaogopa, ataangalia kama inamfaa na kwa kipimo gani, maana ikizidi inapunguza kupumua.

Anaweza pia kupewa ya kupunguza asidi tumboni kama omeprazo na ya kuzuia kutapika, wanawake hutapika zaidi baada ya oparesheni na hiyo ya nyongo ndo mojawapo ya zinazotapisha.

Vidonge vya presha inategemea ni vipi. Amlodipini kwa kawaida anameza asubuhi na maji kidogo tu, atenololi haikatwi ghafla, lakini losartani na enalaprili mara nyingi zinasimamishwa siku moja kabla kwasababu akishalala presha inaweza kushuka vibaya. Usiamue wewe wala jirani, bebeni maboksi yote mkamwonyeshe daktari wa usingizi.

Na dada, hapa kwenye kula naomba unisikilize vizuri. Chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2, na chai ya maziwa ihesabu kama chakula. Nimeshaona ndugu kamnywesha mgonjwa uji alfajiri kwa huruma, kafuta kikombe na kanga, tunauliza wote kimya, bahati mgonjwa mwenyewe akasema na oparesheni ikaahirishwa. Angenyamaza, ule uji ungeweza kupanda akiwa usingizini ukaingia mapafuni, na watu wanakufa kwa hilo. Hizo sindano zote haziondoi hiyo hatari. Kama mama anatumia mitishamba yoyote, hata ya kwenye chupa ya maji, aseme mapema siku anayoandikishwa, hakuna atakayemgombeza.