Sote wawili tumebeba selimundu: tukipanga uzazi, tumekosa tawakali?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka mitatu na anaumwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulipopima, mimi na mume wangu sote tukakutwa tumebeba vinasaba vyake. Naogopa kushika mimba tena. Mume wangu anasema kupanga uzazi ni kukimbia kadari ya Mungu, na mama mkwe anasema damu yangu ndiyo mbovu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Allah ampe mwanao shifaa. Nimewahi kukaa wodini na baba mmoja usiku kucha, mwanawe vidole vimevimba kama ndizi changa, hata shuka likimgusa analia. Najua unachokiogopa.

Mama mkwe amekosea. Mtoto haumwi selimundu mpaka arithi kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Kwenu ninyi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, na kila mimba hesabu huanza upya. Kukubebesha wewe peke yako ni dhuluma.

Ama kukimbia kadari, mumeo amsikilize Sayyidna Omar (r.a.). Alikuwa khalifa, yuko njiani kwenda Sham (Syria na nchi jirani), akapata habari ya tauni huko, akaamua kurudi. Sahaba mwenziwe Abu Ubayda akamuuliza: unakimbia kadari ya Allah? Akajibu: naam, tunakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni, upande mmoja majani tele, mwingine mkavu. Popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari ya Allah. Basi mkitumia elimu mliyopewa mtakuwa mmetoka wapi kwenye kadari yake?

Na sahaba Jabir (r.a.) amesema masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, huku Qur'ani ikiteremka. Kwa kulinganisha na azli, wanavyuoni wengi wameruhusu njia za kisasa za muda zisizodhuru, kwa ridhaa ya mke na mume. Kufunga kizazi moja kwa moja ni jambo jingine, halijuzu ila kwa dharura. Kutoa mimba iliyotimiza siku 120 ni haramu, isipokuwa uhai wa mama uko hatarini.

Mkitaka mtoto mwingine pia si dhambi, wala ndoa yenu haina kasoro. Hapo jukumu lenu ni kumpima mapema anapozaliwa, aanze dawa za kinga kabla homa haijamkuta. Lakini mumeo asikulazimishe. Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 233, mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe.

Siku ya kliniki nenda na mumeo. Mama mkwe akikubali mchukueni, ayasikie kwa daktari mwenyewe.

Wallahu a'lam.