Kompyuta ndogo ya zamani isiyouona mtandao wa nyumbani

Umeeleza kwamba kompyuta yako ndogo ya zamani inaona mitandao ya majirani lakini haiuoni wako. Basi kadi yake ya Wi-Fi ni nzima, kwa kuwa iliyokufa, au iliyozimwa kwa swichi ya pembeni, isingeona mtandao wowote. Kadi nyingi za kompyuta za aina hiyo hupokea masafa ya gigahezi 2.4 pekee, hivyo ruta (kifaa kinachorusha Wi-Fi nyumbani) inayorusha gigahezi 5 tu, kwake ni kama haipo. Fungua mipangilio ya ruta, washa gigahezi 2.4 na uchague chaneli (mkondo ndani ya masafa hayo) isiyozidi 11, kwani baadhi ya kadi hazisomi ya 12 wala ya 13. Upande wa usalama, tumia WPA2, mojawapo ya njia za kuulinda mtandao zilizomo kwenye mipangilio hiyo. WPA3, iliyo mpya zaidi, huenda ikaishinda kadi hiyo, na WEP, ya zamani, hata kadi ikiikubali upesi, ni kufuli la karatasi.