Unaongeza mtandao au unaupanua?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Nataka kuongeza mtandao ghorofani kwa watoto. Fundi kaniambia ninunue ruta ya pili, muuzaji anaiita rauta, kwingine nimesoma kipanga njia. Lipi sahihi? Na swichi je?"

Tumalize lako kwanza. Waingereza hutamka ruta, Wamarekani rauta, nasi tumewapokea wote. Mimi huandika ruta: ruta hii, ruta hizi. Anayesema "maruta" anajua mwenyewe kayaokota wapi. Kipanga njia kimeundwa vizuri, lakini sijamsikia fundi akimwambia mteja kipanga njia chake kimeungua. Swichi ni swichi. Ongezea "ya mtandao" usije ukapewa ya taa.

Sasa langu: hilo "kuongeza mtandao". Mtandao umetokana na kutanda, ukoo mmoja na utando wa buibui. Siku hizi mnara wa simu ni mtandao, intaneti na Facebook ni mtandao, na bando likiisha basi "mtandao umeisha". Hayo nimeshayachoka, semeni tu. Kuongeza mtandao ndiko kusikonishuka kooni, maana wapo mafundi wanaokutii neno kwa neno.

Ruta yako ya sebuleni inaunganisha mitandao miwili: wa ndani, ulio wako, na wa nje, wa kampuni inayokuuzia intaneti. Ndiyo pia inayogawa anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kila kifaa, kwa simu, runinga na printa. Fundi akileta ruta ya pili na kuchomeka waya kwenye tundu lake la WAN, yaani la mtandao wa nje, nayo inajiona mkuu wa kaya: inafungua mtandao wake, inagawa anwani zake. Hapo umeongeza mtandao kwelikweli, sasa unayo miwili! Watoto juu wanaingia intaneti bila shida, lakini wewe uliye chini ukitaka kuchapa barua kwenye printa ya juu, kompyuta haiioni. Utailaumu printa, utanunua wino mpya, na kosa lilikuwa kwenye kitenzi.

Swichi haina ukuu huo. Haifungui mtandao wala haigawi anwani. Inaongeza matundu tu kwenye mtandao uleule. (Ya matundu matano hukupa manne, moja linaliwa na waya utokao kwenye ruta.) Waya mmoja kutoka sebuleni hadi juu, usiozidi mita 100, na nyumba nzima imo katika mtandao mmoja. Huko ndiko kupanua.

Watoto wakiwa na simu, swichi pekee haitawafaa, kwani haina waifai. Leta hiyo ruta ya pili, ila izimwe ugawaji wa anwani, yaani DHCP, na waya uingie tundu la LAN, la mtandao wa ndani. Hapo nayo inapanua. Mwambie fundi hivyo kabla hajafungua boksi.